Kusimamia maabara ya utafiti wa tiba: kazi yenyewe ikoje na inakupeleka wapi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: umemaliza shahada ya kwanza, umepata nafasi ya msaidizi wa utafiti ambaye pia atasimamia maabara, na unaogopa utaishia kuagiza glavu na kukwangua barafu ya friza huku wenzako wanakwenda kusoma PhD. Hofu hiyo ina msingi ukiingia bila kujua kazi yenyewe. Kazi ni hii: mtu akinyooshea kidole nukta moja kwenye grafu, uweze kumwambia ilitoka kwenye tyubu ipi, tyubu hiyo ilikuwa wapi, kitendanishi kilikuwa cha bechi gani, na pipeti iliyotumika (chombo cha kupimia kimiminika kidogo) ilikaguliwa lini. Maabara isiyoweza kujibu hayo inabahatisha, hata kama mkuu wake ana jina kubwa.

Anzia kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Ndipo fujo ya miaka inapojificha. Kila tyubu ipewe anwani, kwa mfano F2-R3-D4-B5-H7: friza ya pili, rafu ya tatu, droo ya nne, boksi la tano, nafasi H7. Boksi la kawaida lina nafasi 81, tisa kwa tisa, kwa hiyo herufi A hadi I na namba 1 hadi 9 zinatosha. Anwani iingie kwenye jedwali moja tu la kompyuta ambalo kila mtu analiona, lenye pia tarehe, jina la aliyeweka, ujazo uliobaki, na sampuli imeyeyushwa mara ngapi. Safu hiyo ya mwisho wengi huiacha, kisha wanashangaa RNA, molekuli dhaifu inayobeba ujumbe wa jeni, imekatikakatika. Gawa sampuli kwenye tyubu ndogo ndogo tangu siku ya kwanza ili kila moja iyeyushwe mara moja tu.

Lebo nazo zina siri zake. Wino wa kalamu nyingi za alama unafutika ukiguswa na kitambaa chenye ethanoli ya asilimia 70, na maabara nzima inanukia ethanoli. Karatasi ya kawaida yenye gundi huachia kwenye baridi kali. Tafuta lebo zilizotengenezwa kwa ajili ya nitrojeni ya kimiminika, zibandike tyubu ikiwa kavu na haijagandishwa bado, na ziizunguke hadi ncha zipandane. Kwenye kifuniko andika namba fupi tu, maana kifuniko kinaweza kuhamia tyubu nyingine.

Friza yenyewe inakufa kwa vumbi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chujio la hewa likiziba, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka ichoke. Lisafishe kila miezi mitatu, na mpira wa mlango ufute barafu kila wiki, kwa sababu barafu nyembamba ikiuzuia kufunga sawasawa, hewa yenye unyevu inaingia na barafu inazidi. Kengele iwekwe ilie ikifika hasi 65, itume ujumbe kwa watu wawili wasiosafiri pamoja, na ijaribiwe kila mwezi kwa kuipasha joto kusudi. Kengele isiyojaribiwa usiihesabu kuwa ipo. Umeme ukikatika, usifungue mlango kuangalia hali. Friza iliyojaa ikifungwa hutunza baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu tupu. Sampuli zisizoweza kupatikana tena zigawe nusu kwa nusu kwenye friza mbili zilizo kwenye njia tofauti za umeme.

Kwenye seli zinazokuzwa maabarani, adui mkubwa ni maikoplazima. Hawa ni bakteria wasio na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwagusi. Ni wadogo kiasi cha kupenya chujio la mikromita 0.22, na hawachafui rangi wala hawaleti ukungu kwenye midia (kimiminika cha kulishia seli), hivyo chini ya hadubini ya kawaida seli zinaonekana ziko salama wakati zimebadilika jinsi zinavyokua na jeni zinazofanya kazi. Pima kila mwezi kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi hadi ionekane. Chukua midia kutoka chupa ambayo seli zimejaa na haijabadilishwa kwa siku mbili au tatu, na ikiwezekana seli hizo ziwe zimekaa bila antibaiotiki, maana antibaiotiki huwapunguza maikoplazima bila kuwamaliza na kipimo kinakudanganya. Seli zinazotoka maabara nyingine zikae kwenye inkubeta ya peke yake mpaka zipimwe. Kama inkubeta ni moja, zishughulikiwe za mwisho kwa siku, na chupa yao ya midia isiguse seli nyingine.

Hakikisha pia seli ni zile zinazosemwa. Seli za HeLa zilitoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, na kufikia 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba aina kadhaa zilizodhaniwa kuwa za watu tofauti zilikuwa HeLa zilizoingilia chupa za wenzao. Tatizo hilo halijaisha. Kipimo cha STR, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, kinalinganisha alama za seli zako na rekodi ya asili. Kifanye unapopokea seli na kabla ya kuchapisha.

Halafu tengeneza benki, yaani akiba ya seli zilizogandishwa. Gandisha seli changa, kati ya milioni moja na mbili kwa kila mililita, kwenye midia yenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozikinga seli na barafu, zishuke nyuzi moja kwa dakika hadi hasi 80, na baada ya siku moja au mbili zihamie kwenye nitrojeni. Vichupa 10 vya kwanza ni benki mama, havitumiki kwa majaribio. Kimoja kikiyeyushwa kinazaa benki ya kazi ya vichupa 20, na humo ndimo wanafunzi wanapochukua. Bila utaratibu huu, seli hupandikizwa mwaka mzima na majaribio ya Januari hayafanani na ya Desemba.

Pipeti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndicho chombo kinachoshikwa na kila mtu na kukaguliwa na wachache. Huhitaji kusubiri fundi wa mara moja kwa mwaka. Chukua mizani inayosoma miligramu 0.1, acha maji yaliyochemshwa na kutoneshwa pamoja na pipeti vikae chumba kimoja saa mbili ili joto lilingane. Weka ncha mpya ya plastiki, vuta na kutoa maji mara tatu kuilowesha ndani, kisha pima mikrolita 1000 mara kumi, ukiandika kila uzito. Zidisha wastani wa miligramu kwa 1.003, ambayo ni sahihisho la maji kwenye nyuzi kama 22. Kiwango cha kimataifa cha pipeti, ISO 8655, kinaruhusu wastani upotee kwa mikrolita 8 na tofauti sanifu ya mikrolita 3 kwa pipeti ya ujazo huo. Ukipata 985 karibu kila mara, huenda pipeti inavuja. Vuta 1000, ishike wima sekunde 20 na utazame ncha: tone likijikusanya, pete ya mpira ya pistoni imechoka au ncha haikai sawasawa. Pete hizo huharibiwa zaidi na mtu anayelaza pipeti mezani ikiwa na kimiminika ndani, kikarudi hadi kwenye pistoni. Kama mizani inasoma miligramu 0.1 tu, usikague nayo pipeti ya mikrolita 10. Mvukizo na mizani yenyewe vitakupa kosa kubwa kuliko la pipeti.

Kuna mambo mawili madogo ambayo mhoji mzuri atakuuliza. La kwanza, protokali ikisema "mizunguko 3000 kwa dakika" bila kutaja sentrifyuji, mashine inayozungusha tyubu kwa kasi, haijasema kitu. Nguvu kwa g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia, ni 0.00001118 mara nusukipenyo kwa sentimita mara kipeo cha pili cha mizunguko. Rota, kichwa kinachoshika tyubu, ikiwa na nusukipenyo cha sentimita 10 inatoa g kama 1006. Ya sentimita 17 inatoa 1710. Andika g kila mahali. La pili, bafa ya Tris, kimiminika cha kutunza kiwango cha asidi, hubadilika pH kwa takriban 0.03 kwa kila nyuzi. Ukiipanga iwe 8.0 kwenye nyuzi 25 kisha ukaitumia kwenye chumba cha nyuzi 4, unafanya kazi kwenye 8.6 hivi, na kimeng'enya kinalijua hilo kabla yako.

Usalama ni jukumu lako moja kwa moja, si la bango ukutani. Lita moja ya nitrojeni ya kimiminika ikivukiza inakuwa gesi ya lita 700 hivi, haina rangi wala harufu, na inaifukuza oksijeni chumbani. Weka kipima oksijeni kinacholia kwenye asilimia 19.5, na kontena la nitrojeni lisipande lifti pamoja na mtu. Kichupa kilichozama kwenye kimiminika kinaweza kunyonya nitrojeni na kupasuka kikipashwa joto, ndiyo sababu ya ngao ya uso na ya kupendelea kuhifadhi kwenye mvuke. Jambo lingine linalosahaulika: seti nyingi za vitendanishi za kutoa RNA na DNA zina chumvi za guanidini, na zikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi zenye sumu. Mabaki yake yawe na chupa yake, yenye maandishi yanayosomeka kutoka mlangoni. Na klorini yenyewe isiingie kamwe kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke.

Ununuzi ni hesabu tu. Mkitumia boksi sita za ncha kwa wiki na oda inachukua wiki nane, agizo linatoka zikibaki 72: 48 za kusubiria na 24 za akiba. Seramu, majimaji ya damu yanayotiwa kwenye midia, ndiyo tofauti. Bechi moja haifanani na nyingine. Omba sampuli za bechi tatu, kuza seli zako humo kwa vizazi vitatu, linganisha kasi ya kukua na umbo, kisha mwombe muuzaji akutengee bechi iliyoshinda ya kutosha mwaka mzima.

Watu ni wagumu kuliko mashine. Anayeondoka asikabidhi ufunguo kabla hamjapita pamoja naye friza kwa friza, kila tyubu yake ikiwa na mrithi au imetupwa, data ghafi iko kwenye hifadhi ya pamoja, na daftari lake linasomeka. Panga jambo hili wiki nne kabla, kwa sababu wiki ya mwisho hana muda nawe.

Sasa kuhusu PhD. Nafasi hii haifungi mlango, ila inaweza kuuziba polepole kama muda wako wote unaliwa na oda na matengenezo. Kabla ya kusaini, omba iandikwe ni sehemu gani ya wiki iko kwenye majaribio. Nusu ni ya haki. Omba swali moja la utafiti lililo lako, hata dogo. Na zungumzieni uandishi wa makala mapema: kutunza friza peke yake hakukupi nafasi kati ya waandishi, lakini kubuni kipimo, kukihakiki na kuchambua data yake kunakupa, na hilo lisemwe kazi inapoanza. Ukiamua baadaye kwamba PhD si yako, njia ni nyingi: benki za sampuli zinazofuata ISO 20387, maabara za tiba za ISO 15189, maabara za vipimo za ISO/IEC 17025, vitengo vya pamoja vya hadubini na saitometria (upimaji wa seli moja moja), ukaguzi wa ubora kwenye majaribio ya dawa. Wote hao wanatafuta mtu aliyekwisha kuandika taratibu za kazi na kuziona zikifuatwa. Kwenye wasifu wako usiandike "nilisimamia maabara." Andika friza ngapi, sampuli ngapi zenye anwani, pipeti ngapi ulizikagua na ngapi zilifeli, kipimo gani ulikihakiki.

Siku ya usaili, omba uoneshwe orodha ya friza. Chagua mistari mitatu bila mpangilio, mmoja uwe wa miaka ya nyuma, na uombe tyubu hizo zitolewe mbele yako. Zikipatikana zote, unarithi mfumo na utapata muda wa sayansi. Zisipopatikana, jua miezi sita ya kwanza ni ya kuhesabu tyubu, na uombe msaidizi na muda huo uandikwe kwenye mkataba kabla hujasema ndiyo.