641 imeingia, mwanangu

Moshi, Jumapili jioni

Baba,

Swali lako limefika. Unasema mlikuwa mnabishana kazini juu ya 4,294,967,296, yaani 2 kwa kipeo cha 32, wewe ukaongeza moja, ukajaribu kugawa kwa 3, 7, 11 na 13, ikagoma. Sasa unaniuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Si tasa.

Kalkuleta ya dukani inaishia tarakimu nane na namba yako ina kumi, kwa hiyo nimechana boksi la sabuni nikakokotoa kwa kalamu. Hizo 7, 11 na 13 ulizihangaikia bure moja moja. Ukizizidisha zote unapata 1,001. Basi kata namba yako tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4. Jibu ni −380. Gawa 380 kwa 7, inabaki 2. Kwa 11, inabaki 6. Kwa 13, inabaki 3. Zote tatu zimegoma kwa mstari mmoja. Darasa la saba wangu walikuwa wanaifanya kwa kichwa, na wewe ulikuwa unakaa dirishani unakula miwa.

Ila kugoma kwa namba nne hakukupi haki ya kusema tasa. Namba ikivunjika vipande viwili, kidogo hakivuki kipeuo chake cha pili, na cha yako ni kama 65,536. Tasa za kujaribu, zilizo chini ya hapo, ni 6,542. Wala hukukosea peke yako. Mfaransa Pierre de Fermat, miaka ya 1640, alitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ukiitoa 1, ukaizidisha yenyewe, ukaongeza 1, unapata inayofuata. Zote tano ni tasa, akaamini mlolongo mzima ni hivyo. Ya sita ndiyo hii yako.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Urusi, akaivunja. Kumbe kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64. Hapo ndipo ninapompendea huyu mzee: foleni ya 6,542 inapungua ghafla. Zinazoanza ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano imeingia! Hakiki mwenyewe, 6,700,417 mara 641:

mara 600: 4,020,250,200
mara 40: 268,016,680
mara 1: 6,700,417

Jumlisha uone.

Najua utauliza kama hiyo 6,700,417 nayo inavunjika. Vigawo vyake, kama vipo, vitatoka kwenye foleni ileile ya 64, na huna haja ya kuvuka 2,588, kwa sababu ileile ya kipeuo cha pili. Jana usiku nilianza, nikafika 1,153 bila kupata kitu, umeme wa LUKU ukaisha. Malizia wewe, na ukituma jibu tuma na hela ya umeme.

Mama yako