"Leta risiti," anasema mume wangu

SWALI: Shikamoo wakili. Niliolewa mwaka 2006 hapa Morogoro, tuna watoto watatu. Kiwanja alinunua mume wangu na hati ina jina lake peke yake. Sijawahi kuajiriwa, nimelea watoto na nimemuuguza mama mkwe mpaka alipofariki. Tulipojenga nilichota maji ya kufyatulia tofali na kuwapikia mafundi. Sasa anataka talaka, anasema kama nina changu kwenye nyumba nilete risiti. Juzi shemeji kaniletea karatasi nisaini, nipewe milioni 2 niondoke. Nifanyeje? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unacho chako, na risiti si sharti.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Majaji walivutana miaka mingi: je, kupika na kulea ni kazi ya aina hiyo? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango.

Lakini nakuomba uisome hukumu hiyo mpaka mwisho, maana wengi huishia katikati. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya, na mahakama ikaona fungu lake ameshalichukua. Kwa hiyo anayekwambia "nusu kwa nusu, ni haki yako" anakudanganya. Nusu inawezekana, ila kiasi cha mchango huthibitishwa kwa ushahidi, na hapo ndipo nimeona wanawake wengi wakipoteza. Mke anasimama mbele ya hakimu anasema "nilimsaidia sana", basi, anakaa.

Namkumbuka mama mmoja niliyemsimamia. Alikuja na daftari la shule la mwanawe, kurasa zimeganda kwa unga wa maandazi. Ndani, kwa kalamu ya risasi: "saruji 4, nondo 6, fundi kala mchana, maji madumu 30." Hakuna hata risiti moja. Hakimu alilifungua ukurasa baada ya ukurasa, akamuuliza fundi aliyeletwa kama shahidi, fundi akasema ni kweli, huyu mama ndiye aliyekuwa akitupokelea mchanga. Lile daftari lilisikika kuliko mimi.

Wewe huna daftari, ila unao watu. Mtafute fundi aliyejenga, jirani uliyechota naye maji, ndugu aliyeona ukimgeuza mama mkwe kitandani. Andika sasa, mwaka kwa mwaka, ulichofanya, kabla kumbukumbu hazijachanganyika.

Kuhusu njia: shauri huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha litatoa hati, na maombi ya talaka yafunguliwe ndani ya miezi 6 tangu hati hiyo itolewe. Mahakama ya Mwanzo inatosha. Usiogope kwamba ni ndogo; ina mamlaka ya kutoa talaka na kugawa mali.

Jambo la haraka zaidi ni nyumba yenyewe. Ikiwa ndiyo mnayoishi, hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, hata kama hati ina jina lake. Nenda ofisi ya Msajili wa Hati uweke zuio, wiki hii kama unaweza.

Na ile karatasi ya shemeji, mdogo wangu, usitie saini wala dole gumba. Piga picha kila ukurasa, kisha mpelekee wakili au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu aisome kwanza.