Je, kufanyia kazi nyumbani kutaniponza?

Dada, wenzako wamerudi ofisini Nairobi, wewe bado uko Nakuru na kompyuta yako, na fununu za kupunguza watu zimeanza. Hofu yako ina msingi: asiyeonekana husahaulika upesi, hata akichapa kazi kuliko wote. Kila Ijumaa mwandikie bosi ulichokamilisha, na siku za vikao vikubwa nenda (nauli inauma, najua). Ruhusa ya kukaa nyumbani iwe kwa maandishi.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Ukiletewa barua ya kujiuzulu "kwa hiari", usitie sahihi kabla ya kuonana na wakili au afisa wa leba.