Walioambiwa Wajitenge Wakakataa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza hamu ya mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya wengine hutoka wapi. Mimi ni mwalimu na mlezi wa bweni mkoani Kigoma, ambako wakimbizi wa Burundi tumeishi nao miaka mingi. Nilipolisoma swali lenu mawazo yangu yalikwenda kwa wanafunzi wa shule mbili za majirani zetu.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, walikuwa madarasani wakijisomea baada ya chakula cha jioni. Watu wenye silaha wakaingia na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Amri ikarudiwa, nao wakakataa tena, kisha zikafuata risasi na mabomu ya mkono. Wiki sita baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Aprili, amri hiyohiyo ilitolewa bwenini katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, na jibu likawa lilelile. Huko Buta waliuawa vijana 40.

Tukitaja kujitoa mhanga huwa tunamfikiria mtu anayejitupa majini au kuingia kwenye moto. Darasani Nyange hapakuwa na cha kurukia. Kijana wa Kihutu alitakiwa asogee hatua chache tu, pengine apone, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu mtutu ulikuwa mbele yake. Alibaki pale alipo. Jibu lolote la swali lenu lisiloweza kueleza kubaki kule, mimi haliniridhishi.

Wataalamu wa viumbe wanalo jibu la damu. Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwa hesabu jinsi tabia ya kujitolea inavyoweza kurithishwa ikiwa anayeokolewa ni ndugu, maana ndugu wanachangia chembe za urithi. Kabla yake, inasimuliwa kwamba J. B. S. Haldane alisema yuko tayari kufa kwa ajili ya kaka wawili au binamu wanane. Naiheshimu hesabu hiyo. Inaeleza vizuri kwa nini nyuki hufa akilinda mzinga, na labda kwa nini mama hurudi ndani ya nyumba inayoungua. Lakini Nyange hesabu inagoma. Pale damu, kwa namna wauaji walivyoihesabu, ndiyo iliyokuwa ikimwita kijana asogee.

Wengine watasema ni silika, mtu hutenda kabla hajafikiri. Hilo nalo lina ukweli wake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alifika miongoni mwa wa kwanza na kutumia kasia kufungua mlango wa nyuma. Watu 19 walikufa, 24 wakapona. Huko Marekani watafiti waliochambua maelezo ya waliotunukiwa medali ya ushujaa ya Carnegie walikuta wengi wao wakieleza kwamba walitenda kwanza, kufikiri kukaja baadaye.

Lakini silika haimwelezi Félicité Niyitegeka. Alikuwa Mhutu, akiongoza kituo cha Kanisa mjini Gisenyi, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, aliwaficha Watutsi humo. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimpelekea ujumbe aondoke aokoe maisha yake. Yeye alikaa chini akaandika barua: hatawaacha watu waliomo mikononi mwake, ni afadhali afe pamoja nao. Aprili mwaka huo aliuawa nao. Mtu aliyeshika kalamu, akaandika mstari baada ya mstari, akaikunja barua na kumpa mjumbe, huyo alikuwa na muda wa kutosha kubadili mawazo.

Mimi nadhani hamu hii hulelewa, na mahali inapolelewa ni katika mambo madogo yasiyotazamwa na mtu. Naiona bwenini. Kidato cha kwanza wakifika Januari, kila tranka lina kufuli. Wiki za mwanzo mtoto anatia sukari kwenye uji wake huku amewapa wenzake mgongo. Kufika muhula wa pili kopo la sukari linazunguka meza nzima, na likiisha hakuna anayeuliza lilikuwa la nani. Mmoja akipandwa na homa usiku, anayekuja kunigongea ni yule wa kitanda cha juu yake, miguu mitupu, naye mgonjwa wake keshamfunika blanketi lake mwenyewe. Sijawahi kufundisha somo la jambo hilo. Mtoto yule hahisi kwamba ametoa kitu.

Hapa najua nitaulizwa, na swali ni la haki kabisa: mbona Rwanda watu waliokula pamoja na kuoana ndio waliouana? Ndiyo. Majirani waliwaua majirani. Kwa hiyo kula sahani moja pekee hakutoshi, na anayesema kunatosha hajawasikiliza manusura.

Ninachokiona Nyange na Buta ni kwamba swali halikuwakuta wakiwa hawajawahi kulifikiria. Wanafunzi wa Nyange walikuwa wameshaona mwaka 1994 kujitenga kunaishia wapi. Gombera, yaani mkuu wa seminari ya Buta, Padri Zacharie Bukuru, ambaye alinusurika, amesimulia jinsi seminari ilivyowakutanisha vijana wazungumze waziwazi juu ya chuki iliyokuwa ikiiteketeza nchi yao tangu 1993. Walikula pamoja, lakini pia walilitaja kwa jina lile lililokuwa linataka kuwagawa.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye basi la kwenda Mandera, kaskazini mwa Kenya. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi huko, wakawatenga wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba, basi jingine liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walijua vizuri maana ya kuamriwa kujitenga. Wanawake waliwapa wenzao wasio Waislamu hijabu zao wajifunike. Abiria wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile na kufariki Januari 2016.

Lipo jambo linaloniumiza kulisema. Wanaowaandaa vijana wajilipue wanaijua njia hii vizuri kuliko sisi walimu. Humwondoa kijana kwao, humweka na wenzake wachache, wanakula, wanasali na kulala pamoja mpaka yuko tayari kufa kwa ajili yao. Siwezi kusema hamu yake ni bandia. Inatoka palepale inapotoka ya mwalimu Salah, ila yeye amefundishwa kwamba nje ya wale wachache hakuna watu.

Na tusichanganye hamu na shuruti. Binti mkubwa anayetolewa shule ili wadogo zake wasome hajajitoa, ametolewa. Kumsifu ushujaa ni kumfunga mdomo.

Kwa sababu ya haya yote, vitanda nawapangia mimi mwenyewe. Wazazi hunijia: "Mwalimu, naomba mwanangu umweke karibu na wenzake wa kwetu." Mwingine anataka Mkristo na Mkristo, mwingine Mwislamu na Mwislamu. Wanaomba kwa nia njema, wanaogopea watoto wao, lakini hujibiwa hapana. Tena kila muhula, jioni moja baada ya prepo, nawasimulia habari ya Nyange na kuwauliza wangefanya nini. Kidato cha kwanza hujibu upesi na kwa sauti moja: tungekataa. Kuna mvulana mmoja aliwahi kusubiri makelele yatulie, kisha akauliza: "Na kama wangeanza na mimi?" Wenzake wakabishana naye, kisha wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mpaka muda wa kuzima taa ukapita na nikawaacha waendelee. Swali lile sikumjibu, na waliofuata siwajibii pia, maana jibu la mwalimu halitamsaidia mtu akiwa mbele ya bunduki. Ninachotaka ni wabishane juu yake wakiwa wamekaa vitandani mwao, bado wana muda.