Ubao mama wa seva unabadilishwa? Anza na funguo, bisibisi baadaye

Watu wakisikia ubao mama wa seva unabadilishwa, akili inakwenda kwenye skrubu na waya. Hizo hazijawahi kunikosesha usingizi. Kinachosumbua ni kichipu cha usalama, TPM.

Kichipu hicho hutoa ufunguo wa diski iliyosimbwa pale tu vipimo vya uwashaji (alama za programu zinazoiwasha mashine) vinapolingana na vile kilivyovihifadhi. Ubao mpya ukija na TPM mpya, ufunguo haumo. Diski ni nzima kabisa, lakini BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, itasimama ikidai namba ya dharura yenye tarakimu 48. Itafute mapema, kwenye Active Directory (saraka ya Windows ya watumiaji na kompyuta za ofisi) au popote ilipotunzwa, bora tu isiwe ndani ya seva hiyohiyo (nimeyaona hayo). Kwa Linux yenye LUKS, usimbaji wa diski wa upande huo, hakikisha ipo nywila ya kawaida mbali na TPM, na uijaribu. Kuwepo kwenye daftari hakutoshi.

Kama seva bado inawaka, sitisha ulinzi wa BitLocker kabla ya kuizima, na idadi ya kuwasha upya iweke 0, yaani ulinzi usirudi mpaka uurudishe mwenyewe. Usipofanya hivyo, ulinzi kwa kawaida hurudi baada ya kuwasha mara moja tu, na kazi hii ina kuwasha kwingi.

Je, uhamishe kichipu cha zamani? Kikiwa cha kuchomeka kinatamanisha, lakini baadhi ya watengenezaji hukifunga na ubao wake moja kwa moja: ukikibandua, umekiua. Agiza kipya pamoja na ubao.

Ukifika kwenye soketi ya prosesa, punguza mwendo. Mulika tochi kwa mshazari; pini iliyopinda haitang'aa sawa na wenzake. Kile kifuniko cha plastiki usikitupe, kivishe ubao wa zamani kabla ya kuurudisha, la sivyo pini zikipinda njiani utaulizwa wewe.

Ukishawasha, ingiza namba ya seri, rudisha leseni ya usimamizi wa mbali, chagua njia ya uwashaji, UEFI, kama ilivyokuwa, kisha tazama saa. Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji wanapoingia, kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5, na utahangaika na nywila ambazo hazina kosa. Anwani za MAC (namba za utambulisho) za kadi ya mtandao iliyo kwenye ubao nazo zitabadilika, kwa hiyo mjulishe anayesimamia DHCP, inayogawa anwani za IP, na swichi za mtandao. Ulinzi wa diski urudishe mwisho, firmware (programu ya ndani ya ubao) ikishasasishwa, kwa kuwa kuisasisha nako hubadili vipimo.