Usaili wa mapokezi hotelini Nungwi, natokea Wete

Waalaikumu salaam dada. Umeuliza ujiandae vipi kwa usaili wa mapokezi hotelini Nungwi, nawe unatokea Wete, Pemba. Kwanza, usivuke kuja Unguja siku ile ile ya usaili. Boti ya bandari ya Mkoani ikichelewa ushakosa. Lala kwa jamaa mjini, alfajiri upande gari ya 116, daladala ya Nungwi.

Swali lililoniangusha mimi lilikuwa hili, tena kwa Kiingereza: mgeni kafika saa nne asubuhi, chumba hakijasafishwa, kakasirika. Nilikuwa nimehifadhi "jieleze" tu, nikabaki kimya. Basi lifanyie mazoezi kwa sauti, mtu wa nyumbani awe mgeni: msikilize, muombe radhi, mpe maji baridi na pa kuweka mizigo, mtajie saa ya kupata chumba. Usimuahidi usichokuwa na hakika nacho.

Vyeti na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, toa kopi kabisa. Mshahara wakikuuliza, taja, usione haya.