Joto la Mwanza lisikufanye umpe kichanga maji

Ukiwa na kichanga huku Kirumba, jua la saa nane likiwaka, hukosi wa kukuambia: "Mpe maji, mwanangu, mtoto ana kiu." Kwangu alisema mama mkwe, tena kwa upendo. Nilimjibu, "Mama, maji yamo humo humo kwenye ziwa ninalomnyonyesha," na ndivyo ilivyo: karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji. Lakini kilichonipa msimamo zaidi ni sukari za maziwa hayo.

Sukari iitwayo laktosi ndiyo ya kumpa mtoto nguvu. Zipo nyingine, oligosakaraidi, aina zaidi ya 100, ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzimeng'enya. Hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko huliwa na bakteria wazuri, bifidobakteria. Hao wakistawi hutoa asidi zinazowabana bakteria wabaya, na kemikali zinazotuliza seli za kinga zisivimbishe utumbo bila sababu. Tena baadhi ya vijidudu vya kuhara, kama kampilobakta, hunasa kwenye sukari hizo badala ya ukuta wa utumbo, vikatoka na choo. Maziwa ya ng'ombe yanazo kidogo mno. Dang'a, yale ya njano ya siku za mwanzo, ndiyo yanazo kwa wingi kabisa, na bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga! Inaniuma.

Kwa hiyo miezi 6 ya kwanza ni ziwa tu. Maji, hata yaliyochemshwa, humjaza tumbo akanyonya kidogo. Yasiyochemshwa humletea kuhara.

Nauza dagaa Mwaloni, najua kazi haingoji. Alfajiri nilikuwa nakamua maziwa ya kumwachia mtoto: nanawa kwa sabuni, naweka kidole gumba juu ya weusi wa chuchu na vingine chini, nasukuma kuelekea kifuani, ndipo nabana. Matone ya kwanza huchelewa, usikate tamaa. Weka kwenye kikombe safi chenye mfuniko, mahali pa baridi, yatumike ndani ya saa 4. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe, chupa ni ngumu kusafisha. Asiyachemshe: sukari hizi hustahimili moto, kingamwili hazistahimili. Kama yamepoa, kikombe kikae kwenye bakuli la maji ya moto.

Mama mwenye VVU anayetumia dawa naye hunyonyesha, akifuata maelekezo ya kliniki yake.